Kidato cha sita mlioko Dar: kwenye diskasheni ya Fizikia, chaki ashike anayekwama

#1 Mzee wa Slopu (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Uzi huu ni wa vijana wa PCM, PCB na PGM, michepuo yenye Fizikia, wanaojiandaa na NECTA ya Mei, hasa wa shule za kutwa na wanaojitegemea hapa Dar, ambao diskasheni ndiyo shule yao ya pili. Mimi nawasimamia vijana wa Fizikia Jumamosi huku Temeke, kwenye darasa tuliloazimwa na mkuu wa shule moja ya kata. Kuna jambo moja nalisimamia kwa nguvu zote na nataka tulijadili: kwenye diskasheni, chaki asishike kipanga, yule mkali wa somo. Ashike anayekwama.

Mnajua zinavyokwenda. Kundi linakaa, pasti pepa inatolewa, kipanga anasimama ubaoni anashusha swali kuanzia juu mpaka jibu, wengine wananakili. Kila mtu anatikisa kichwa. "Tumeelewana?" "Tumeelewana." Haya, namba inayofuata. Asubuhi nzima inapita, madaftari yamejaa, watu wanarudi Mbagala na Gongo la Mboto na amani moyoni. Jumatatu mpe mmoja wao swali lilelile, badilisha namba na uulize kitu cha pili badala ya cha kwanza, kalamu haisogei. Siku ile aliyesoma alikuwa mmoja tu, yule aliyekuwa anaongea, na huyo wala hakuwa na shida.

Kwetu swali likishawekwa tunaulizana nani hana hata pa kuanzia. Huyo anasimama. Anaandika alichopewa, anachora mchoro, anasema kwa sauti anachofikiri hata kama hakijanyooka. Waliokaa hawaruhusiwi kumtajia fomula. Wanaruhusiwa kuuliza: kani hiyo inatoka wapi? Inaelekea wapi? Hiyo alama ya kutoa umeipata wapi? Kipanga naye yupo kwenye benchi na kazi yake ni hiyohiyo ya kuuliza, na kuuliza vizuri bila kumwaga jibu ni kugumu kuliko kusolvu. Kumcheka aliye ubaoni ni marufuku kabisa. Mtu akichekwa mara moja hasimami tena, na mkishampoteza huyo, diskasheni imekufa.

Niwape mfano wa swali moja lililotuchukua asubuhi nzima, na siijutii hata dakika moja ya asubuhi ile.

Swali lilikuwa la kawaida: gari linakata kona tambarare yenye nusu kipenyo cha mita 50, tafuta kasi kubwa ambayo halitateleza. Alisimama binti mmoja wa PCB ambaye mwendo wa duara ulikuwa unamsumbua tangu kidato cha tano. Akaulizwa, ni nini kinalivuta gari kuelekea katikati ya duara? Akasema injini. Hakuna aliyemkatalia. Akaulizwa, injini ikizimwa katikati ya kona, gari litaacha kukata kona hapohapo? Akafikiri, akasema hapana, matairi bado yameshika lami. Basi ni msuguano. Akaandika mwenyewe: msuguano mkubwa kabisa ni μmg (μ ni kipimo cha msuguano wa tairi na lami, m ni masi, g ni mchapuko wa mvutano wa dunia), kani inayotakiwa ni mv² juu ya r (v ni kasi, r ni nusu kipenyo), ukisawazisha masi inakatika pande zote, inabaki v² = μgr. Tukajipangia μ ya lami kavu 0.75, g 9.8. Kasi ikatoka mita 19.2 kwa sekunde, kama kilomita 69 kwa saa. Mvua ikinyesha, μ ikashuka hadi 0.4, inakuwa mita 14 kwa sekunde, kilomita 50 tu.

Kwa kipanga, swali lilikuwa limeisha. Yule binti akabaki ameukodolea macho ubao, kisha akasema: "Masi imekatika. Ina maana Coaster tupu na Coaster iliyojaa zinateleza kwa kasi moja. Sasa mbona tunajua iliyojaa mpaka mlangoni ndiyo inayolala?"

Darasa likanyamaza. Kipanga wetu, kijana ambaye angelimaliza swali lile kwa dakika tatu, hakuwa na jibu, kwa sababu hajawahi kulazimika kuliuliza. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Ikabidi watenganishe mambo mawili waliyokuwa wanayachanganya, kuteleza na kupinduka. Kuteleza ni habari ya msuguano na masi haimo. Kupinduka ni habari ya momenti, yaani uwezo wa kani kuzungusha kitu: msuguano unashika chini kwenye matairi, kitovu cha uzito kiko juu, na kadiri kilivyo juu ndivyo gari linavyosukumwa kulalia nje ya kona. Wakachukua momenti kwenye tairi la nje, wakapata tairi la ndani linaanza kunyanyuka pale v² inapofika grb juu ya h, ambapo b ni nusu ya umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia, na h ni kimo cha kitovu cha uzito.

Wakaweka namba za kukadiria, b mita 0.8. Abiria wote wamekaa, h mita 1.0, b juu ya h ni 0.8, kubwa kuliko μ ya 0.75. Gari hilo litateleza kabla ya kupinduka. Abiria wakasimama, h ikapanda hadi mita 1.2, uwiano unashuka hadi 0.67, chini ya 0.75. Sasa gari hilohilo, kwenye kona hiyohiyo, linapinduka kabla ya kuteleza, na linapinduka kwa kilomita 65 kwa saa, kasi ambayo likiwa na abiria waliokaa lisingefanya lolote.

Angalieni tena swali la binti. Lilitoka kwa mtu aliyekuwa hajui. Angekuwa amekaa ananakili, masi ingekatika mbele ya macho yake na asingeiona.

Nakaribisha michango. Wenye diskasheni zenu semeni mnavyofanya.


#2 PCM wa Mbagala

Mkuu hoja nimeipenda lakini nina wasiwasi. Swali moja asubuhi nzima? Kuna kuanzia vipimo mpaka fizikia ya atomu, umeme tuli, usumaku, elektroniki, mawimbi, mpaka fizikia ya mazingira. Shule nyingine silabasi hata haijaisha. Sisi kwenye kundi letu tunapiga pasti pepa nzima kwa siku moja. Tukianza kumsubiri asiyejua hata pa kuanzia, Mei itatukuta bado tuko kwenye mekanika.


#3 Mzee wa Slopu

Mkuu wa Mbagala, wasiwasi wako ni wa haki na siupuuzi.

Maswali hayalingani. Mengine ni ya kupita tu: kubadili vizio, kuweka namba kwenye fomula, kutaja matumizi ya kitu. Hayo kila mtu afanye kwake, mje na majibu, mlinganishe dakika kumi, mwende mbele. Asubuhi nzima inatengewa swali ambalo kundi limegawanyika au limekwama. Mkilichimba hilo moja mmepita mada nyingi kwa mpigo. Lile la kona lilitupitisha kwenye msuguano, momenti, kitovu cha uzito na mwendo wa duara, na sikuwa nimepanga hata moja.

Halafu nikuulize kwa nia njema: ile pasti pepa nzima mnayoipiga kwa siku, ukiwapa wiki mbili baadaye kila mtu peke yake, bila daftari, wangapi wanaimaliza? Jaribuni. Mkikuta wote wanaimaliza, endeleeni na utaratibu wenu, unawafaa.


#4 Binti PCB

Shikamoo kaka Slopu, shikamooni wote.

Mimi nasoma kutwa, niko kidato cha sita. Shida yetu ni praktiko. Vifaa ni vichache, tunashika kwa zamu, wengine wanaishia kuangalia. Tukaamua wenyewe kufanya pendulamu nyumbani kwa mwenzetu, tumefunga nati ya chuma kwenye uzi wa kushonea, tunapima muda kwa simu, mizunguko 20 kila urefu, kuanzia sentimita 40 hadi 100. Grafu ya T² (T ni muda wa mzunguko mmoja) na urefu inanyooka vizuri sana, inapita sifuri. Lakini g inatoka 10.8. Tumerudia, bado 10.8. Rula ni nzima, tumeilinganisha na nyingine. Tatizo nini?


#5 Ticha Mstaafu

Marahaba mwanangu. Kwanza hongereni kwa kufunga nati na uzi, maana mtoto aliyefanya pendulamu kwa mikono yake hafanani na aliyesimuliwa.

Hiyo 10.8 naifahamu. Muulizeni anayehesabu: anapoiachia nati, anasema nini? Nina hakika anasema "moja". Atakapofika "ishirini", nati imekwenda na kurudi mara 19 tu. Mnachukua muda wa mizunguko 19 mnaugawa kwa 20. T inapungua asilimia 5 kwenye kila urefu. T kwenye hesabu ya g iko chini ya mstari na imepigwa skwea, kwa hiyo g inapanda karibu asilimia 11. Dar tuko usawa wa bahari, kama nyuzi 7 kusini ya ikweta, g ya hapa ni karibu 9.78. Igawe kwa 0.95 mara 0.95, utapata 10.84. Ndiyo namba yenu.

Na ndiyo sababu grafu ilinyooka na kupita sifuri. Kosa liligusa kila nukta kwa uwiano uleule, mstari ukabaki mnyoofu, slopu ndiyo iliyopotoka. Wanafunzi wengi wanaamini grafu ikinyooka kazi imeisha. Hapana.

Iacheni nati ikate mizunguko miwili mitatu kwanza, kisha anayehesabu aseme "sifuri" inapopita katikati na hapohapo simu ianze. Katikati ndipo inapopita kasi, jicho linaishika vizuri. Kwenye ncha inakaribia kusimama, huwezi kujua imegeuka lini hasa. Kwa uzi wa sentimita 50 mizunguko 20 inapaswa kuwachukua sekunde 28.4 hivi, kwa sentimita 100 sekunde 40.2.

Kwa nini 20 na siyo mmoja? Kidole cha binadamu kinachelewa kama sekunde 0.2. Kwenye mzunguko mmoja wa sekunde 1.42, hiyo ni asilimia 14. Kwenye sekunde 28.4 haifiki hata asilimia moja. Mkiulizwa tahadhari kwenye mtihani, andikeni sababu pamoja na namba yake, msiandike "tulirudia kupata usahihi" mkaishia hapo.

Jingine. Urefu wa pendulamu unaishia katikati ya nati, siyo kwenye fundo. Ukipimia kwenye fundo, slopu haibadiliki, g itatoka sawa, ila mstari hautapita sifuri. Urudishe nyuma ukate mhimili wa urefu, umbali kutoka sifuri mpaka hapo ni kipande ulichokisahau, kutoka fundo mpaka katikati. Ukitumia gololi, kipande hicho ni nusu kipenyo cha gololi. Hapo mtunga mtihani ana swali zuri sana mkononi.


#6 Binti PCB

Ticha!! Ni kweli, mwenzetu anaanza na "moja". Tumerudia jioni hii kama ulivyosema, slopu imetoka 4.03, g 9.8. Asante sana mwalimu wangu.

Naomba kuuliza, kwenye mtihani tutumie 9.78 au 9.8?


#7 Ticha Mstaafu

Kwenye pepa la nadharia tumia thamani iliyotolewa kwenye karatasi ya mtihani, bila ubishi. Kwenye praktiko andika ulichopata kwenye slopu yako. Usiibadilishe ifanane na ya kitabuni. Msahihishaji anazo namba zako za jedwali mbele yake, ukipika jibu anaona kwamba jedwali na slopu haviongei lugha moja.


#8 Mama wa Kimara

Habari zenu wanangu. Mimi ni mzazi, siyo mtu wa Fizikia, nisameheni kama naingilia.

Binti yangu yuko PCM, anataka kwenda diskasheni Temeke na wenzake. Baba yake hataki. Anasema diskasheni ni kisingizio, watoto wanakutana wanachezea simu, na kurudi usiku kwa daladala mbili si salama. Na mimi nikisema ukweli roho haitulii. Mnatushauri nini?


#9 Mzee wa Slopu

Shikamoo mama. Hujaingilia, wewe ndiye unayehusika kuliko sisi.

Baba yake ana sababu. Diskasheni za usiku kwenye geto la mtu mimi sizikubali, kwa wasichana wala kwa wavulana. Sisi tunaanza saa mbili asubuhi, saa sita mchana tumemaliza, mtoto wa Kimara anafika kwake jua bado liko juu. Tuko darasani, mlinzi wa shule yupo, na wazazi wana namba yangu na namba za wazazi wenzao. Mama, njoo naye Jumamosi moja ukae nyuma. Kuna wazazi wamefanya hivyo na hakuna aliyewazuia. Simu zinakaa mezani mpaka zitakapohitajika kupima muda.

Kama Temeke ni mbali, kundi la watu wanne huko huko Kimara linatosha. Masika ikikolea na Jangwani pakijaa maji, mwendokasi ikasimama, hata wa kwetu wanaotoka upande huo hawafiki, na tunawaambia wasihangaike. Nauli nayo ni mzigo. Kuna konda wanaomkatalia mwanafunzi kupanda asubuhi, mtoto anafika amechoka na amekasirika, hilo linaniuma sana.


#10 Mdau wa Upanga

Mama wa Kimara, kuna pia Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ipo tangu 1967. Kwa kusoma kimya ni mahali pazuri, feni, meza, utulivu. Kwa kubishana hapafai maana hapatakiwi kelele. Vijana wengine wanasoma mle asubuhi, kisha wanatoka nje kujadiliana.

Nachangia pia kuhusu pasti pepa. Wengi wanahangaika na madesa ya majibu yaliyozagaa mitandaoni, mengine yana makosa ya wazi, na mtu anakariri na makosa yake. Baraza la Mitihani lenyewe linatoa kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kila somo na kila mwaka. Mle wanaonyesha swali kwa swali watahiniwa walifanyaje, na wanaweka picha za majibu halisi, zuri na baya, za mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe. Sioni kwa nini mtu aache hiyo akanunue madesa.


#11 Mzee wa Slopu

Mdau wa Upanga, umenena. Sisi tunaitumia hivi: tunachukua lile jibu baya, tunaliandika ubaoni bila kusema ni baya, kisha tunauliza linafaa maksi ngapi. Mabishano yanayotokea hapo ni makali kuliko ya swali lenyewe, kwa sababu majibu mabaya mengi yanasikika vizuri sana.

Na niseme kuhusu lugha, maana najua mtu ataniuliza. Tunabishana kwa Kiswahili. Mtu akibanwa ubaoni na bado anatakiwa kutafuta Kiingereza, huwezi kujua amekwama kwenye Fizikia au kwenye sentensi. Tukishakubaliana, kila mmoja anaandika jibu kwa Kiingereza kwenye daftari lake, tunasomeana. Mtihani ni wa Kiingereza, hilo zoezi halikwepeki, ila linakuja la pili.


#12 PCM wa Mbagala

Wakuu, kuna kitu kinaendelea kwenye makundi ya WhatsApp, mtu anatangaza ana pepa la Mei la Fizikia, zote mpaka praktiko, anataka hela kwa M-Pesa. Wenzangu wawili wameanza kuchangishana. Niwaambie nini?


#13 Ticha Mstaafu

Waambie waache leo. Anayeuza ni tapeli, anachukua hela za watoto anajua hawawezi kwenda kumshtaki popote. Na hata lingekuwa la kweli, Baraza linafuta matokeo ya anayebainika kudanganya, miaka miwili ya mtoto na jasho la mzazi vinapotea kwa siku moja. Nimewahi kukaa na mzazi wa mtoto aliyefutiwa. Sitamani mtu yeyote akae pale.


#14 Fundi Redio Tandika

Mimi ni fundi tu, nilisoma mpaka kidato cha nne, lakini nimefuatilia uzi wote maana mwanangu yuko kidato cha sita. Aliniuliza swali juzi nikalijua kwa mikono ila nikashindwa kulieleza kwa maneno yenu. Betri kuukuu ya tochi, ukiipima kwa mita inasoma karibu 1.5. Ukiirudisha kwenye tochi, balbu inawaka nyekundu kidogo au haiwaki kabisa. Mita nzima, balbu nzima. Sisi mafundi tunajua betri "imechoka" na tunaipima ikiwa na mzigo, hatuipimi ikiwa wazi. Lakini volti zinakwenda wapi?


#15 Mzee wa Slopu

Fundi, hiyo ndiyo Fizikia yenyewe, na swali lako nitalipeleka kwa vijana. Ila kwa kuwa kijana wako anasubiri, nalifungua hapa.

Betri ina ukinzani wake wa ndani, ile r ndogo. Ikiwa mpya ni sehemu ndogo ya omu, ikichoka inapanda. Tuseme ya kwako imefika omu 6 na balbu ni omu 3, na volti kamili ya betri, ile E, bado ni 1.5. Ukiwasha tochi, mkondo unapita kwenye zote mbili: 1.5 gawanya kwa 9, sawa na ampea 0.167. Volti zinazoifikia balbu ni 0.167 mara 3, yaani 0.5. Volti 1.0 iliyobaki imeliwa na betri yenyewe kwa ndani, inageuka joto humo humo. Ndiko zinakokwenda.

Sasa mita. Mita ya kidijitali ina ukinzani mkubwa, mara nyingi kuanzia omu milioni moja kwenda juu. Ukiiweka peke yake, mkondo unaopita ni kama hakuna, kwa hiyo kinacholiwa na omu 6 za ndani ni kama hakuna, mita inasoma karibu E yote. Haijakudanganya, umeiuliza betri wakati imepumzika.

Na hiyo ni praktiko kamili. Kijana wako achukue betri hiyo, rezista chache za omu tofauti za hapo dukani kwako, apime volti za betri kwa kila rezista, mkondo aupate kwa kugawa. Achore V na I. Mstari utashuka: unapokata mhimili wa V ndiyo E, na mteremko bila alama ya kutoa ndiyo r. Afanye na betri mpya na kuukuu kwenye karatasi moja. Mistari yote miwili itaanzia karibu sehemu moja, halafu mmoja utaporomoka. Asiache saketi imewaka muda mrefu kati ya vipimo, betri itachoka zaidi katikati ya jaribio na nukta za mwisho zitamsumbua.


#16 Fundi Redio Tandika

Nimeelewa, na nimemuita kijana amesoma mwenyewe. Rezista ninazo za kutosha, wenzake waje nao. Wakifika wanne watano watafanyia hapa dukani jioni kabla sijafunga.


#17 PCM wa Mbagala

Mkuu Slopu, tulifanya ulichosema, tukapeana pasti pepa tuliyokwisha kuipiga, kila mtu peke yake. Waliomaliza ni wawili, walewale wanaoshikaga chaki. Tumekubaliana Jumamosi hii tujaribu utaratibu wenu. Tuanze na swali gani? Tupe ambalo kipanga hawezi kulimaliza kwa fomula moja.


#18 Mzee wa Slopu

Vizuri sana wakuu. Chukueni hili, na sisi Temeke tutalifanya siku hiyohiyo.

Treni ya umeme ya SGR iliyoanza safari za Dar na Morogoro mwaka 2024 imejengwa kwenda hadi kilomita 160 kwa saa. Tuseme iko kwenye kasi hiyo na dereva anapunguza mwendo kwa mita 0.8 kwa sekunde skwea mpaka isimame. Kwanza, atumie umbali gani? Mtapata kilomita 1.2 na kidogo, hapo kipanga atataka kukaa. Msikubali. Mwulizeni aliye ubaoni: abiria aliyesimama kwenye njia ya katikati, bila kushika kitu, anahitaji msuguano kiasi gani kati ya kiatu na sakafu ili asiteleze? Asipoteleza, ataanguka? Kimo chake na upana aliotanua miguu vinaingia wapi? Halafu nishati ya mwendo ya treni nzima, ikisimama imekwenda wapi, na kwa nini mota ileile inayoisukuma inaweza pia kuipunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye nyaya?

Hiyo ya mwisho itawapeleka kwenye usumaku na kanuni ya Lenz ya umeme unaozalishwa kwa usumaku, kaeni nayo mpaka mtu aliye ubaoni aieleze bila kusaidiwa. Mkimaliza wekeni hapa hatua zenu, hata zile mlizofuta.